Clara Schumann: Mjane aliyelisha watoto saba kwa vidole kumi

Juni 1839, binti wa miaka 19 aliyekuwa Paris alitia saini hati ya kuiomba mahakama ya Leipzig impe kile ambacho baba yake alimnyima: ruhusa ya kuolewa. Msomaji wa pwani yetu, ambako ndoa haifungwi bila walii, hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Lakini huyu hakuwa mwali wa kufungiwa ndani. Alikuwa miongoni mwa wapiga piano waliosifika kuliko wote barani Ulaya, na alishapewa cheo cha heshima na ikulu ya Austria. Fedha za matamasha alizichuma mwenyewe tangu utotoni. Ila zilikuwa mikononi mwa baba.

Jina lake lilikuwa Clara Wieck. Dunia inamjua zaidi kwa jina la mume aliyempigania kortini, Robert Schumann, na katika vitabu vingi vya muziki huingia kwa mlango wa nyuma: mke wa mtunzi, au rafiki wa mtunzi mwingine, Johannes Brahms. Mlango huo haumfai. Mwanamke huyu alipiga piano mbele za watu kwa zaidi ya miaka 60, akajikodia kumbi na kujiuzia tiketi. Kwa kipato hicho alimtunza mume mgonjwa na kulea watoto, na mwishowe wajukuu pia. Ukimtazama kama mfanyakazi, maisha yake yote yanajipanga vizuri zaidi kuliko ukimtazama kama mke wa fulani.

Alizaliwa Leipzig, katika ufalme wa Saxony, tarehe 13 Septemba 1819. Baba yake, Friedrich Wieck, alifundisha piano na pia aliziuza. Mama yake, Marianne, alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Ndoa yao ilivunjika Clara akiwa mdogo. Mama akaolewa na mwanamuziki mwingine na baadaye akahamia Berlin, na kwa sheria za huko mtoto alikuwa wa baba. Clara alichelewa sana kusema. Alipita miaka minne bila kutamka maneno ya maana, hata watu wakadhani ni kiziwi. Nyimbo alizishika kwa sikio kabla hajaweza kuunganisha sentensi.

Mzee Wieck alikuwa ameshaamua. Mwanawe angekuwa mpiga piano mkubwa, na sifa za binti zingekuwa tangazo la mbinu za baba za kufundisha, na za biashara yake pia. Kila siku kulikuwa na somo, kisha mazoezi, kisha matembezi marefu ya miguu, maana Wieck aliamini kwamba mwanamuziki asiye na mapafu na miguu imara hafiki mbali. Shule ya kawaida alihudhuria kidogo tu. Badala yake alifundishwa fidla, kuimba, kanuni za utunzi, Kifaransa na Kiingereza, yaani kila kilichoweza kumsaidia safarini na jukwaani.

Tangu 1827 alikuwa pia na shajara. Mtu aliyeishika kalamu katika kurasa za mwanzo alikuwa baba, na aliandika kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ni Clara anayesema: leo nimefanya hivi, leo baba amenikasirikia kwa uvivu wangu. Hata binti alipokua na kuanza kuandika mwenyewe, baba aliendelea kuisoma, kuisahihisha na kuongeza yake. Sijui mfano mwingine wa mzazi aliyemtawala mwana hadi ndani ya neno "mimi". Na bado, ukimuuliza mpiga piano yeyote, atakuambia kwamba mwalimu wa namna hiyo ni bahati. Mikono ya Clara ilifundishwa vema kiasi kwamba ilidumu kazini hadi alipokaribia miaka 72.

Jukwaani alipanda kwanza tarehe 20 Oktoba 1828, akiwa na miaka tisa, katika ukumbi wa Gewandhaus wa Leipzig, akishirikiana na mwanafunzi mwingine wa baba yake katika tamasha la mtu mwingine. Tamasha lake mwenyewe lilikuja Novemba 1830. Mwaka uliofuata baba na mwana walianza safari ya kwenda Paris kwa gari la farasi. Njiani, mjini Weimar, walipokewa na Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani aliyekuwa na miaka 82. Mzee yule alipoona mtoto hafikii vizuri kinanda, akaenda mwenyewe kumletea mto wa kukalia. Akampa medali yenye sura yake. Paris haikuwa tamu vile: kipindupindu kiliingia mwaka 1832, matajiri wakakimbia mji, nao wakarudi nyumbani.

Akiwa na miaka 13 alianza kutunga konseto ya piano na okestra. Aliipiga kwa mara ya kwanza Gewandhaus Novemba 1835, ana miaka 16, na aliyeongoza okestra siku ile alikuwa mtunzi Felix Mendelssohn. Katika sehemu ya pili ya konseto hiyo okestra nzima hunyamaza, zikabaki piano na sello moja tu zikisemezana. Wazo hilo ni la mtu mwenye sikio lake mwenyewe, si la mtoto anayeigiza wakubwa.

Kisha Vienna. Majira ya baridi ya 1837 na 1838 mji ule ulimpokea kwa namna ambayo leo tungeiona kwa nyota wa muziki wa dansi. Wapishi waliuza keki yenye jina lake. Machi 1838 alipewa cheo cha mpiga piano wa ikulu, heshima ambayo msichana wa miaka 18, mgeni, tena Mprotestanti katika dola ya Kikatoliki, hakutarajiwa kuipata. Huku nyuma alikuwa anajifunza ufundi wa pili ambao haukuandikwa kwenye mabango: namna ya kukodi ukumbi, kuandikia magazeti, kukagua piano ya mji mgeni, kuhesabu mapato mlangoni na kubembeleza wakubwa wanunue tiketi. Baba alimfundisha yote hayo. Hakujua kwamba anamfundisha kuishi bila yeye.

Robert Schumann aliingia nyumbani kwa Wieck mwaka 1830 akiwa na miaka 20, mwanafunzi wa sheria aliyeiacha sheria ili awe mpiga piano. Alikaa kama mpangaji na mwanafunzi. Mkono wake wa kulia uliharibika, ndoto ya jukwaa ikafa, akageukia utunzi na uandishi wa habari za muziki. Clara alikuwa mtoto wa miaka 11 wakati ule. Mapenzi yalikuja baadaye sana. Siku Clara alipotimiza miaka 18, Septemba 1837, Robert alimwandikia baba barua ya posa.

Wieck alikataa. Tumwonee huruma kidogo mzee huyu, maana hoja zake hazikuwa za kipuuzi zote. Robert hakuwa na kipato cha uhakika, alikunywa, na moyo wake ulikuwa na vipindi vya giza. Ila namna alivyokataa ndiyo iliyomharibia. Alikatiza barua, akamkashifu mchumba katika kila mji ambao Clara alipiga, na mwaka 1839 akamwacha binti aende Paris peke yake na mhudumu mgeni, akitumaini atashindwa na kurudi akiomba msamaha. Clara hakushindwa. Alipanga matamasha yake mwenyewe, akafundisha wanafunzi, akatia saini ile hati. Aliporudi Ujerumani alikwenda Berlin kwa mama yake, yule yule aliyetenganishwa naye tangu utotoni.

Kesi ilichukua zaidi ya mwaka. Wieck alitoa masharti ya fedha, yakiwemo kwamba binti aachie mapato ya matamasha yake na alipie vitu vyake mwenyewe. Mahakamani alifoka hata hakimu akalazimika kumnyamazisha, huku Clara akitazama. Mwanzoni mwa 1840 mahakama ilitupilia mbali madai yake yote isipokuwa moja, la ulevi wa Robert, na hilo akatakiwa alithibitishe. Hakuweza. Tarehe 12 Septemba 1840, siku moja kabla bibi harusi hajatimiza miaka 21, wakafunga ndoa katika kanisa dogo la Schönefeld, kijiji cha jirani na Leipzig. Baba na binti walipatana baada ya miaka michache, lakini ukaribu wa zamani haukurudi.

Sasa tatizo jipya, na hili halikuhitaji mahakama. Nyumba moja, watu wawili wa piano, kuta nyembamba. Robert alipotunga alihitaji kimya. Mwaka ule wa ndoa pekee alitunga nyimbo zaidi ya 130, kwa hiyo kimya kilihitajika karibu kila saa, na Clara hakuweza kufanya mazoezi. Katika shajara waliyoandika kwa zamu, mume na mke, malalamiko yake yanarudi tena na tena: vidole vinazidi kuwa vizito, siku zinapita. Robert naye aliliona hilo, akaandika kwamba linamsikitisha. Kisha akaendelea kutunga.

Hata hivyo fedha zilihitajika, na aliyejua kuzileta haraka alikuwa mke. Mwaka 1842 Robert aliikatiza safari akarudi nyumbani, Clara akaendelea peke yake hadi Copenhagen, jambo lililozua maneno mjini. Mwaka 1844 walikwenda Urusi wote wawili kwa miezi kadhaa ya baridi, watoto wakibaki kwa ndugu. Clara alipiga mbele ya familia ya mfalme mjini Saint Petersburg, na mapato yalikuwa mazuri. Robert aliugua njiani na alirudi ameinama moyo. Kuwa mume wa Clara Wieck katika kumbi ambazo hakuna aliyeulizia nyimbo zake kulimchoma. Miezi michache baadaye walihamia Dresden kutafuta utulivu.

Utulivu haukudumu. Mei 1849 mapinduzi yalilipuka mjini, na wanamgambo wakapita nyumba kwa nyumba wakiwasaka wanaume wa kubeba silaha. Clara alimtoa Robert kwa mlango wa nyuma wa bustani, pamoja na binti yao mkubwa, wakakimbilia kijijini. Watoto wengine walibaki na yaya. Usiku wa manane, akiwa na mimba ya miezi saba, alirudi mjini kwa miguu kupitia mashambani huku mizinga ikisikika, akaingia ndani, akawaamsha watoto waliolala, akawavisha na kutoka nao. Robert hakwenda. Baadaye alitunga marshi za kimapinduzi. Mimi hapo huwa siongezi neno.

Kwa jumla alizaa watoto wanane kati ya 1841 na 1854: Marie, Elise, Julie, Emil aliyefariki akiwa mchanga, Ludwig, Ferdinand, Eugenie na Felix. Na katikati ya mimba hizo aliendelea kupanda jukwaani. Konseto ya piano ya Robert iliyo maarufu kuliko kazi zake nyingi za okestra, ile inayopigwa leo kila kona ya dunia, aliyeipiga kwanza ni yeye, mjini Dresden, Desemba 1845.

Je, utunzi wake mwenyewe? Hapo ndipo penye jeraha. Tangu 1839 alishaandika katika shajara kwamba aliwahi kujidhani ana kipaji cha kutunga lakini ameacha wazo hilo, kwa kuwa mwanamke hapaswi kutamani kutunga. Hakuna aliyefanikiwa kabla yake, kwa nini afanikiwe yeye? Maneno hayo hunukuliwa sana kama ushahidi wa unyenyekevu. Nayasoma tofauti. Yaliandikwa na mtu ambaye konseto yake ilishapigwa chini ya Mendelssohn na ambaye ratiba yake ilishikwa na baba, na baadaye ingeshikwa na mume, kisha na watoto.

Ushahidi wa hilo uko Düsseldorf. Familia ilihamia huko mwaka 1850, Robert akiwa mwongozaji wa okestra na kwaya ya mji. Mwaka 1852 walipata nyumba katika mtaa wa Bilker Straße ambamo, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Clara alikuwa na chumba cha mazoezi ambacho sauti yake haikumfikia mume. Kiangazi cha 1853 akatunga mfululizo: variesheni za piano juu ya wimbo wa Robert, romansi za piano, romansi za fidla na piano, na nyimbo sita za kuimba. Kazi nne katika msimu mmoja, baada ya miaka ya kimya. Kilichokosekana miaka yote ile kilikuwa chumba chenye mlango.

Septemba ya mwaka huo huo kijana wa miaka 20 kutoka Hamburg, Johannes Brahms, alibisha hodi akiwa na nota zake mkobani. Mume na mke walimsikiliza wakajua mara moja ni nani aliyeingia kwao. Miezi mitano baadaye, tarehe 27 Februari 1854, Robert, aliyekuwa akisikia sauti zisizokuwepo, alitoka nyumbani katika mvua na kujitupa Mto Rhine. Aliokolewa. Kwa kuomba mwenyewe akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Endenich, karibu na Bonn. Clara alikuwa na mimba ya Felix. Madaktari hawakumruhusu kumwona mumewe, na katazo hilo lilidumu zaidi ya miaka miwili.

Marafiki walitaka kumfanyia tamasha la hisani ili wamchangie. Alikataa. Felix alizaliwa Juni 1854, na vuli ya mwaka huo mama yake akarudi barabarani. Ada ya hospitali ilikuwa yake kulipa. Chakula, kodi ya nyumba na karo za shule pia. Watoto waligawanywa: wengine shule za bweni, Julie kwa bibi yake Berlin, wadogo nyumbani na mtunza nyumba. Brahms, ambaye bado hakuwa na jina, alibaki Düsseldorf akiwaangalia watoto na kuandika daftari la matumizi ya nyumba. Watu wamepoteza wino mwingi wakiuliza kama Clara na Brahms walikuwa wapenzi. Wenyewe walichoma sehemu kubwa ya barua zao, na walikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba hawakuoana na kwamba urafiki wao ulidumu miaka zaidi ya 40, kwa ugomvi na mapatano.

Mwaka 1856 Clara alikuwa Uingereza kwa mara ya kwanza, akipiga London, wakati hali ya Robert ilipozidi kuwa mbaya. Alirudi. Tarehe 27 Julai hatimaye aliruhusiwa kuingia chumbani kwake. Siku mbili baadaye Robert akafa, akiwa na miaka 46. Clara alikuwa na 36. Alivaa nyeusi jukwaani tangu hapo, na hakutunga tena ila vipande vichache sana.

Kilichofuata kinastahili kusimuliwa kama habari ya biashara. Wakati ule mpiga piano hakuwa na wakala wa kumpangia ziara. Clara aliandika barua kwa mkono: kwa mwenye ukumbi, kwa mwenye piano, kwa waimbaji wa mji ambao wangempumzisha katikati ya tamasha, kwa gazeti, kwa mpiga chapa wa tiketi. Alikuwa akifika mji mchana, kujaribu piano ambayo pengine baadhi ya vibao vyake vilikuwa vimelegea, na kupiga usiku. Asubuhi yake alikuwa tena ndani ya treni, maana sasa reli zilikuwepo. Msimu ulianza vuli na kuisha masika. Kiangazi kilikuwa cha watoto, na mwaka 1863 alinunua nyumba ndogo karibu na Baden-Baden ili wapate pa kukutania.

Na hapo kazini ndipo alipobadilisha kitu ambacho leo tunakiona cha kawaida. Alipokuwa binti, tamasha lilikuwa mchanganyiko wa kila kitu: mwimbaji, okestra, mzaha, kisha mpiga piano akionyesha mbio za vidole kwa vipande alivyojitungia juu ya nyimbo za opera. Naye alianza hivyo hivyo. Taratibu akaviondoa. Akaweka Bach, Beethoven, Chopin, Mendelssohn, Schumann na baadaye Brahms. Sonata ya Beethoven nzima, bila kukatwa, mbele ya watu waliolipa kiingilio, ilikuwa jambo la kuthubutu. Tena alipiga bila karatasi, kwa kichwa. Alipofanya hivyo Berlin akiwa bado msichana, mwandishi Bettina von Arnim alimwita mwenye majivuno. Leo mpiga piano wa pekee anayeweka nota mbele yake ndiye anayetazamwa kwa mshangao.

Hakuwa malaika. Muziki wa Liszt na Wagner, watunzi wa wakati wake, aliuchukia waziwazi. Alijiona mlinzi wa jina la mumewe na mlinzi huyo alikuwa mkali: alisimamia uchapishaji wa kazi zote za Robert kuanzia 1881, lakini konseto yake ya fidla aliifungia kwa kuamini kwamba ilikuwa na dalili za ugonjwa, isichapishwe hadi 1937. Romansi tano za sello za Robert alizichoma moto mwaka 1893. Zimepotea kabisa, na hakuna wa kutuambia kama alikuwa sahihi.

Watoto nao walilipa. Ludwig aliugua akili na kuwekwa hospitalini mwaka 1870. Mama alimwita mtu aliyezikwa akiwa hai, na mara nyingi hakuweza kustahimili kwenda kumwona. Julie alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1872. Habari ilimfikia mama akiwa Heidelberg kwa ajili ya tamasha, tamasha likafanyika. Felix, yule ambaye baba yake hakuwahi kumwona, alikufa kwa ugonjwa huo huo mwaka 1879 akiwa na miaka 24. Ferdinand alirudi kutoka vita vya 1870 kati ya Ujerumani na Ufaransa akiwa na maumivu, akapewa mofini na kuwa mtumwa wake, akafa 1891. Watoto wake wakawa mzigo wa bibi. Katika barua zake Clara alirudia kusema kwamba kazi ndiyo iliyomshika asianguke. Wapo waliomlaumu kwa kuwa barabarani mno. Waliomlaumu hawakueleza karo ingelipwa na nani.

Kufikia miaka ya 1870 mkono ulianza kumuuma, baridi yabisi kwa maelezo ya wakati ule, hata misimu mingine ikapita bila kupiga. Mwaka 1878 chuo kipya cha muziki cha Frankfurt, Hoch, kikamwajiri kufundisha piano. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa nafasi ya ualimu mkuu wa piano pale, na alijua thamani yake: alifundishia nyumbani kwake, alidai muda wa kusafiri kwa matamasha, na binti zake Marie na Eugenie wakawa wasaidizi wake. Oktoba mwaka huo Leipzig ilimwandalia sherehe ya miaka 50 ya jukwaa katika Gewandhaus. Wanafunzi walimjia kutoka nchi nyingi, wengi kutoka Uingereza: Fanny Davies, Leonard Borwick, Adelina de Lara.

Alipiga hadharani kwa mara ya mwisho Frankfurt, Machi 1891. Masikio yalishaanza kumsumbua, sauti zikimjia zimechafuka. Alifariki tarehe 20 Mei 1896, akiwa na miaka 76, akazikwa Bonn kando ya Robert. Brahms alisafiri kwa treni kutoka Austria karibu siku mbili, akakosa treni ya kuunganisha, akawahi maziko kwa shida. Hakumaliza mwaka mzima baada ya hapo.

Ujerumani iliiweka sura yake kwenye noti ya mark 100 iliyoingia katika mzunguko mwaka 1990 na kutumika hadi euro ilipokuja. Nyuma ya noti kuna piano kubwa, na kwa mbali jengo la chuo cha Frankfurt. Sioni mahali panapomfaa zaidi mwanamke aliyehesabu kila senti. Matangazo ya matamasha yake aliyatunza mwenyewe, karibu 1,300, na yamehifadhiwa Zwickau, mji aliozaliwa Robert. Hayo ndiyo kumbukumbu ya kweli ya kazi yake, kwa sababu hakuna hata rekodi moja ya Clara akipiga. Kilichobaki cha sauti ni cha wanafunzi wake: Fanny Davies alirekodi konseto ya Robert mwaka 1928, na Adelina de Lara alirekodi akiwa bibi kizee.

Namba za kazi zake mwenyewe zinaishia 23 tu, na kwa miaka mingi kazi hizo hazikupigwa. Siku hizi zinapatikana kirahisi mtandaoni. Asiyezoea muziki huu asianze na konseto ya utotoni. Aanze na Trio ya piano, fidla na sello, namba 17, ya mwaka 1846, isiyozidi nusu saa. Asikilize hasa sehemu ya tatu, ile ya polepole. Clara alipoitunga Dresden alikuwa na miaka 26, watoto wanne ndani ya nyumba, na mume anayehitaji kimya.